Cherehani ya Nei Mwaerere

Katika kisiwa chote cha Nonouti, kuanzia uwanja wa ndege hadi ncha ya kusini, hakuna aliyewahi kuniomba kitu nikampa nisichotaka kumpa. Wenzangu hawawezi. Kwetu mtu akikutamkia bubuti, yaani akikuomba kwa jina la undugu, huna la kujibu ila "chukua". Ukikataa, aibu itakusindikiza hadi kaburini. Mimi nimesoma mpaka kidato cha tano Tarawa, makao makuu ya nchi yetu ya visiwa, nikarudi na dawa yake: uso mkavu.

Ndiyo maana mradi wa kuondoa umaskini ukaniajiri. Wakubwa wa dunia walikuwa wameketi mahali wakakubaliana umaskini uishe, na kwa upande wa kisiwa chetu ikaonekana utaishia kwa cherehani kumi na mbili za mkono. Moja alipewa Nei Mwaerere, yaani Bi Mwaerere, mjane, dada wa bibi yangu mzaa mama. Masharti yalikuwa mepesi. Akikaa nayo mwaka mzima akishona, mkaguzi atakuja, ataiona, na bibi atahesabiwa kuwa ametoka kwenye umaskini. Zawadi ya kutoka ilikuwa tangi la maji ya mvua. Kisima chake kilishaingiwa na chumvi. Kila asubuhi alikwenda na ndoo mbili kuteka kanisani, na goti lake moja lilikuwa limeshaacha kukunjika.

Kazi yangu ilikuwa kupita kila mwezi na kuandika. Niliandika. "Cherehani ipo." Miezi kumi na miwili, mwandiko mzuri.

Jumatatu redio ikatangaza kwamba mkaguzi anakuja na ndege ya Jumatano. Nikavaa kizibao cha mradi, nikaweka miwani ya jua, nikapanda baiskeli ya mradi, nikaenda kuitafuta cherehani. Nilianzia kwa mjomba wangu, Tiaeki. Kwa nini nilianzia hapo na si kwa bibi, hayo ni mambo ya kitaalamu.

"Mjomba, ile cherehani."

"Ipi? Aa, ile! Mashine nzuri sana. Nei Taoriba aliniomba tangu kabla ya Pasaka."

"Ukampa?"

"Ningemwambia nini, mke wa katekista? Ila wewe, hiyo miwani. Mimi nikiwa juu ya mnazi nagema, jua linanichoma macho. Naiomba, mwanangu."

Nikatoa uso mkavu. Ulikauka vizuri sana. Nikaondoka bila miwani.

Nei Taoriba alikuwa akiparua samaki mlangoni, na hakuacha.

"Tulishona sare za kwaya, tukamaliza, Ten Kaure wa kaskazini akaja akaiomba. Sasa wewe unakuja kuniuliza maswali kama polisi, mikono mitupu! Hicho kizibao kina mifuko mingapi?"

"Sita. Lakini ni cha serikali, mama."

"Na katekista ni wa Mungu. Kila siku anapoteza rozari. Nakiomba."

Haya, hapo wewe ungesema nini?

Ten Kaure, yaani Bwana Kaure, nilimkuta kwenye banda la mtumbwi, anashona tanga kwa turubai la bluu. Cherehani ilikuwa inakoroma kama mzee mwenye mafua. Nikasema neno ambalo sijapata kulisema maishani: "Ten Kaure, naiomba."

Akainua mikono papo hapo. "Chukua. Ni yako." Kisha akaitazama baiskeli, kwa utulivu, kama mtu anayetazama samaki ambaye tayari yumo ndani ya mtumbwi.

Nilirudi kilomita tisa kwa miguu, cherehani kichwani. Njiani wanawake wawili waliniita kwa sauti tamu wakitaka kujua ninaipeleka wapi. Nilikimbia.

Jumatano mkaguzi akashuka. Jina lake Nei Rotia, mzaliwa wa kisiwa cha Abemama, na wa Abemama hawahitaji kufundishwa bubuti. Kabla hata mguu wa pili haujagusa chini, alitusalimu kwa sauti kubwa: "Mauri! Mkoba ni wa serikali, kalamu ni ya serikali, viatu ni vya dada yangu. Sina changu hapa, msiniombe!" Watu wakacheka, lakini tulimwonea huruma. Kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kinayajua maneno hayo kwa moyo.

Akaketi mkekani kwa bibi. Cherehani ilikuwa juu ya kasha, nimeifunika kitambaa chenye maua.

"Ipo," nikasema. "Mwaka mzima."

"Bibi, nishonee kidogo nione."

Nei Mwaerere akaivuta, akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akauzungusha mkono wa mashine kinyume. Uzi ukakatika. Ulikuwa uzi wa bluu, mnene, wa turubai.

"Mwanangu," akasema, "mimi sijui kushona. Haijalala humu hata siku moja."

Nei Rotia akaweka kalamu chini. "Sasa umeishije?"

"Vizuri. Ten Kaure ana tanga, Jumamosi ananiletea samaki. Wale wa kwaya wamenilimia shimo la magimbi. Tiaeki ananiletea tembo tamu kila asubuhi. Walioichukua wote wanajua ilikotoka. Ninachokosa ni maji tu. Maji hakuna aliyeniomba, basi hakuna anayeniletea."

Nei Rotia alitafuta kwenye fomu pa kuandika hayo. Akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe.

"Bibi, samaki hawamo humu. Fomu inataka cherehani. Na tangi siwezi kukupa, si langu."

"Najua si lako, tumesikia. Mkoba wa serikali, kalamu ya serikali." Bibi akanyoosha lile goti lake kwa mikono miwili. "Na sahihi? Nayo ni ya serikali?"

Hata kuku walisimama.

"Sahihi ni... yangu."

"Basi naiomba."

Nimeona watu wakiombwa nguruwe, mashua, na mara moja meno ya bandia. Hilo sikuwahi kuliona. Nei Rotia akatazama paa, akatazama ndoo mbili mlangoni, akatazama goti. Kisha akaokota kalamu ya serikali akampa bibi sahihi yake, kubwa, pale palipoandikwa kwamba tangi litolewe.

Nikapumua. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyetoa jasho: "Bila ufuatiliaji, mambo haya hayaendi."

"Eeh, ufuatiliaji." Nei Rotia akafungua faili jingine. "Kautu ni wewe? Umeandika mara kumi na mbili kwamba cherehani ipo."

"Si ilikuwepo?" bibi akanitetea. "Hakusema wapi."

"Na mtu wa kwanza kukuomba alikuwa nani, bibi?"

Nikamtazama bibi. Nikatoa uso mkavu, haukusaidia. Nikatoa uso wa maji. Akanitazama kwa upendo mwingi.

"Si huyu hapa. Siku ile ile ilipoletwa, kamba ya kasha sijaifungua. Alitaka mama yake amshonee shati la kuanzia kazi. Ndilo hilo alilovaa. Geuka, mjukuu wangu, aone na kola."