Maswali ya Kitoto Kuhusu Mkondo

Kazi yangu ni kugombana na majedwali ya watu. Ofisi yetu hukusanya vipimo vya mikondo ya bahari kutoka vituo kadhaa, na kila kituo kina mambo yake: huyu anaandika kasi kwa sekunde, yule kwa saa, mwingine anaacha nafasi tupu halafu anakuambia tupu maana yake sifuri. Mimi navipanga vyote viwe vya namna moja, ili yeyote anayevihitaji avitumie bila kumtafuta aliyeviandika. Vituo vyote nilivimaliza, isipokuwa kimoja tu. Kilikuwa cha baba mkwe.

Jamani, mkwe! Mtu mwingine ningemwashia moto. Huyu ilibidi niketi sebuleni kwake, mikono mapajani, niulize kwa adabu.

"Baba, hapa kwenye mwelekeo, uliandika maji yanakotoka au yanakokwenda?"

"Mwanangu, hayo ni maswali ya kitoto. Kila aliyesoma bahari anajua."

Kumbe ndiyo shida yenyewe. Alianzia kazi kwenye hali ya hewa, kupima upepo, na upepo huandikwa kwa upande unakotoka. Watu wa mikondo wao huandika maji yanakokwenda. Nilitaka aniambie alifuata lipi, basi. Akafungua gazeti akajifunika uso. Mume wangu, ambaye ni fundi wa maboya ya kupimia bahari, alinikonyeza niachane naye. Nikakiacha kituo kile nje ya mkusanyo, nikarudi nyumbani nimenuna.

Mwezi uliofuata mume wangu na mwenzake walikwenda kutengeneza boya la kituo hichohicho. Mchana wakasema kwenye redio kwamba injini imekufa, nanga haishiki, maji yanawachukua. Kisha redio ikakatika.

Kikosi cha uokoaji kilitaka vipimo vya mkondo wa pale. Kwenye mkusanyo wangu havikuwamo, kwa hiyo wakavichukua kituoni moja kwa moja: mwelekeo, kusini. Boti ikaondoka mbio kwenda kusini. Habari zilinikuta koridoni na kikombe cha chai mkononi. Nikakiweka sakafuni palepale.

Nikampigia mkwe. Siku hiyo adabu sikuwa nayo.

"Baba, leo utanijibu. Ile kusini yako, maji yanatoka huko au yanakwenda huko?"

"Yanatoka!" akafoka. "Kama upepo. Mara ngapi nita..."

Nikamkatiza, nikamwambia mwanawe amechukuliwa na maji pale kituoni, na waokoaji wanafuata vipimo vyake.

"Boti wameipeleka wapi?"

"Kusini, baba."

"Wageuze," akasema. "Mama, nakuomba, wageuze."

Nilipomwambia mkuu wa kikosi kwamba maji yanakwenda kaskazini, aliniuliza nina uhakika gani. Nikamwambia aliyeviandika vipimo ndiye baba wa huyo mnayemtafuta, na mimi ni mke wa huyohuyo, geuza boti. Akageuza.

Waliwapata upande wa kaskazini, mwanga ukielekea kuisha, wakichota maji kwa kofia ili wasizame. Mume wangu alirudi na midomo iliyopasuka na njaa ya watu wanne. Nilimkumbatia, nikamtukana, nikamkumbatia tena.

Jumatatu nilimkuta mkwe mlangoni pa ofisi kabla sijatoa funguo. Hakuwa amenyoa ndevu, na gazeti hakuja nalo. Kuomba radhi hakuomba, wala sikutegemea. Aliketi kwenye kiti cha wageni akakigeuza kielekee kompyuta yangu.

"Anza na mwaka wa kwanza," akasema. "Uliza yote, hata ya kitoto."

Nikavuta kiti. "Saa za vipimo, baba. Uliandika wakati wa kutega chombo au wa kukitoa majini?"

"Wa kutega," akajibu bila kufikiri. Kisha akaniwekea mkono begani. "Hapana, ngoja. Andika kwamba sina uhakika."