Mkwe wa Wodi ya Mifupa

Ronald ana kazi ambayo akiwa mtoto angechapwa kwa kuifanya. Anawaamsha wagonjwa. Umelala zako, jana umepasuliwa, nyonga imeungwa kwa chuma, ndugu wamekuja na mtori wa ndizi wanakuambia pumzika mama, pumzika tu. Halafu yeye anaingia na raba zake zisizo na sauti, anasimama miguuni pa kitanda: "Shikamoo bibi. Leo tunakaa."

Siku ya kwanza nilimjibu, "Marahaba. Kaa wewe, kiti hicho hapo."

Alicheka, lakini dakika chache baadaye aliyekuwa amekaa ni mimi.

Mimi ni mama Ebenezeri wa Machame. Nilivunjika paja nikimpa ng'ombe majani, akanisukuma kwa makusudi, maana tulikuwa hatujaelewana tangu asubuhi. Mchungaji alipokuja kuniombea nilimwambia niliteleza nikiwahi ibada. Ng'ombe hakuwepo wa kunikanusha, na sala ilikuwa ndefu na nzuri.

Ronald ndiye mtu wa mazoezi wa wodi zote. Walikuwa wawili, yeye na Violet, lakini Violet alikuwa amekwenda kujifungua. Kwa hiyo asubuhi Ronald alianzia kwa wagonjwa mahututi, akawagongagonga vifua mpaka makohozi yatoke, akapita kwa wanaume waliopooza upande mmoja akawafundisha kugeuka kitandani, ndipo akaja kwetu wodi ya mifupa ya akina mama, shati limeshamlowa mgongoni. Mimi nilimwita mume wangu, kama bibi anavyomwita mjukuu, naye aliitika. Alitaka nitembee na kifremu cha chuma mpaka mwisho wa korido. Nilikuwa nafika kwenye sinki, nageuka. Nilimwambia mume wa kweli hamchoshi mkewe.

Basi wakamleta Mektrida, wakamlaza kitanda kinachotazamana na changu. Mama wa Kibosho, mwembamba, rozari mkononi, uso haukunjuki hata ukimtekenya. Alikuwa ameanguka na mkungu wa ndizi kichwani, nyonga ikavunjika, wakamfanyia upasuaji. Kesho yake asubuhi Ronald akaingia na karatasi zake, akasoma jina, akasimama kama aliyekanyaga msumari. Mektrida akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Shikamoo mama," Ronald akasema, macho sakafuni.

"Marahaba, baba."

Akatoka. Hakumwambia leo tunakaa. Hata mimi hakuniambia.

Nilijua hapa kuna jambo, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, nililichimba. Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nalo lote. Ronald amemwoa Monica, kitinda mimba wa Mektrida. Ni mkwe wake.

Siku hizi mama mkwe na mkwe wanakumbatiana harusini mbele ya kamera, na mshereheshaji anashangilia. Mektrida si wa siku hizi. Yeye amelelewa kwamba mkwe wa kiume humpi mkono, hukai naye kiti kimoja, na akipita njiani unamwachia upande. Sasa huyu ndiye wa kumshika kiunoni, amwinue, aone miguu yake akiwa na gauni la hospitali ambalo nyuma halina habari.

"Sitaki kuinuliwa na yule," alimwambia nesi Shamsia. "Mheshimuni yeye, na mimi mniheshimu."

Shamsia ni mtoto wa mjini, kwao ni Waislamu, na stara anaijua. "Bibi, hata sisi tuna haya zetu," akasema. "Lakini mapafu hayajui mkwe."

Siku nzima alitafuta njia. Yeye na nesi mwenzake walimkalisha Mektrida mara moja ukingoni mwa kitanda, wakaitwa kwingine, wakamrudisha kulala. Siku zikawa zinapita hivyo. Kikohozi kikaanza, kile cha chini kama mtu anakokota gunia. Daktari akaja akaongea wazi: asiposimama wiki hii, kifua kitajaa, na kikipona, mguu utakuwa umeshagoma. Ataondoka hapa kwa kiti cha magurudumu.

Na kiti cha magurudumu kwa Mektrida kinakwenda wapi? Kule kwake Kibosho njia ni mawe na tope, choo kiko nyuma ya migomba, kihamba chote, shamba lake la migomba, kimeinama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Monica alishalitatua. Alikuja saa ya kuona wagonjwa akasema kwa furaha, "Mama, utakuja kwetu Soweto, hapa mjini. Tumeshahamisha makochi."

Mektrida akageukia ukutani.

Monica alipoondoka nikamwambia, "Hesabu zako, mama Monica, mimi sizielewi. Unakataa mkwe akushike hapa kidogo, halafu unakwenda kuishi nyumbani kwake. Atakusikia ukikohoa, utamsikia akikoroma. Atakuona ukipelekwa bafuni kila siku ya Mungu."

"Nyie wa Machame mmezoea kushikwashikwa," akasema, bado anatazama ukuta.

"Tumezoea. Ndiyo maana tunatembea."

"Unatembea? Mbona unaishia kwenye sinki?"

Huyo ndiye Mektrida. Nilianza kumpenda hapo.

Ronald naye hakukaa bure. Kesho yake saa ya kuona wagonjwa alikuja na mkanda mpana wa kumshikia mgonjwa. Akamfunga Monica kwanza pembeni ya kitanda changu, akamwonyesha pa kushika, mguu upi mbele, mguu upi nyuma, usivute kwa mikono, inuka nao kwa magoti. Halafu akampa ule mkanda amfunge mama yake, akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo akautazama mlima. Mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa na mawingu, lakini aliutazama tu.

"Bibi," akaniita bila kugeuka, "mwambie mama asogee ukingoni."

"Mektrida, sogea ukingoni."

"Nimesikia, mimi si kiziwi."

"Anasema yeye si kiziwi," nikapeleka dirishani.

"Mwambie akanyage kwa miguu yote miwili. Ainame mbele, pua ipite magoti, ndipo ainuke."

"Anasema uiname kama unatafuta kuku chini ya kitanda."

"Sikusema hivyo, bibi."

"Anasema hakusema hivyo, lakini uiname."

Akainama. Monica akashika mkanda, akavuta kwa mikono, vile vile alivyokatazwa, na Mektrida akainuka. Alisimama. Nilimwona akiangalia mbele kwa mara ya kwanza tangu aletwe, na kidevu kikapanda. Pengine alikuwa anaiona Kibosho.

Kisha goti likalegea. Monica ni mtu wa duka la vitenge, mikono yake imezoea vitambaa, ndala zake zikateleza sakafuni, na wote wawili wakaanza kwenda chini polepole kama mgomba uliokatwa.

Sijui Ronald aliona kwa wapi, maana mgongo ulikuwa kwetu. Nadhani alisikia pumzi. Alifika kabla sijafungua mdomo, mkono mmoja kiunoni, mwingine nyuma ya bega, goti lake limelizuia goti la mama mkwe. Wakasimama hivyo. Kilemba kilikuwa kimedondoka, na kichwa chenye mvi cha Mektrida kilikuwa kwenye kifua cha mkwe wake, wazi. Ronald hakuweza kumwachia, na hakuweza kuendelea kumshika. Wodi nzima hakuna aliyekuwa anatafuna.

Alimshusha kitandani taratibu sana, kama anarudisha yai. Akaokota kilemba, akampa Monica, si mwenyewe. Akatoka.

Mektrida hakulia. Alikataa mtori, akajifunika, akasema chini ya shuka, "Asinisimamishe mtu tena." Monica akalia kwa niaba ya wote. Kikohozi jioni ile kilikuwa kizito.

Asubuhi Ronald alikuja kwangu moja kwa moja. Raba zake zilikuwa na tope jekundu hadi kwenye kamba.

"Shikamoo bibi. Leo twende korido."

"Marahaba. Leo sina moyo, mume wangu."

"Nina maneno. Hapa kuna watu."

Maneno ni ugonjwa wangu. Nilishika kifremu nikamfuata, nikapita sinki, nikapita chumba cha manesi, nikapita mlango wa wodi ya wanaume, kila nikisimama anasema bado mbele kidogo. Mwisho kabisa wa korido, karibu na ngazi, akatazama nyuma, akatoa mfukoni mwa koti isale. Jani refu la kijani, bichi, bado lina umande, amelizungushia kipande cha bandeji asilivunje.

Kwetu Wachagga isale halihitaji maelezo, lakini kwa asiye wa kwetu nitasema. Ni ule mmea tunaopanda mpakani mwa vihamba. Ukimkosea mtu kosa la kweli, unamtuma mtu mzima apeleke isale kwa uliyemkosea. Likishafika mbele yake hana pa kukimbilia. Anasamehe, hata kama meno yanamuuma.

"Umelikata wapi alfajiri yote hii?"

"Kwa baba yangu, Kibosho. Nimekwenda na bodaboda nikarudi." Akashusha sauti. "Siwezi kulipeleka mwenyewe, bibi. Na Monica ni mtoto. Nimekosa mtu mzima mwingine ninayemwamini."

"Umemwamini mtu aliyemdanganya mchungaji."

"Nimesikia hiyo habari. Nimeona anafaa."

Nililipokea. Shida, mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kifremu, na gauni la hospitali halina mfuko. Basi nikaliweka mdomoni. Nikarudi nalo korido nzima, jani limening'inia pande zote mbili, na bibi mmoja wa mjini aliyelala karibu na mlango akauliza, "Yule mama anakula nini?" Wale wa mlimani walikuwa wameshaona, mmoja mmoja akawa anakaa sawa na kuvuta kanga begani.

Nilisimama mbele ya kitanda cha Mektrida. Nikalitoa mdomoni, nikalifuta kwenye gauni, nikalishika kwa mikono miwili huku nimeegemea kitanda. Hapo sikufanya utani.

"Mama Monica. Mwanao Ronald jana alikukosea. Alikugusa na alikuona kichwa. Hakutaka, lakini ametenda. Amenituma mimi, mtu mzima, nikuletee hili."

Aliliangalia. Akaangalia mlangoni, ambapo Ronald alikuwa amesimama, mikono mbele, kichwa chini. Mektrida akanyoosha mkono akalipokea, akaliweka kifuani juu ya rozari.

"Nimesamehe," akasema. "Na limelowa mate."

"Ya Machame," nikamwambia. "Yana baraka."

"Asante, mama," Ronald akasema kutoka mlangoni, akageuka aende zake.

Mektrida akakohoa, kile kikohozi cha gunia. Kilipoisha akafuta mdomo, akakaza kilemba chake kwa mikono miwili, akafunga fundo mara ya pili.

"Unakwenda wapi?"

"Wodi ya wanaume, mama."

"Umeomba msamaha wa jana."

"Ndiyo, mama."

"Wa leo utauomba kesho." Akasukuma shuka pembeni. "Leta huo mkanda."

Ronald alikuja akamfunga mkanda, akasimama anaposimama mtu wa kazi, akasema kwa sauti yake ile ya kila siku, pua ipite magoti, na Mektrida akainama akainuka. Hawakutazamana. Mektrida alitazama dirishani, na Ronald akatazama miguu, ambayo ndiyo kazi yake. Goti likalegea tena, akalizuia, likakaza. Wakaenda mpaka kitanda cha jirani wakarudi.

Kesho yake isale lingine likaja. Nalo nililipeleka mimi, na kila mara nilikabidhiwa kule mwisho wa korido, kila mara kwa sababu kitandani kuna watu. Ilikuwa kwenye la tatu au la nne nilipoelewa kwamba mume wangu alikuwa ananitembeza. Nilimwambia nimemgundua. Akasema, "Bibi, mimi sijui unachosema," na uso wake ulikuwa mkavu kuliko wa mama mkwe wake. Shamsia akayaweka masale kwenye chupa ya maji dirishani, akawa anabadilisha maji kila anapoingia zamu. Kikohozi kikapungua, kikaja cha asubuhi tu, kikaisha. Daktari akapita akaona majani, akauliza ni ya nini. Tukamwambia ni mapambo.

Siku Mektrida aliporuhusiwa, nilitoka mpaka barazani bila kutumwa na mtu. Alishuka ngazi mwenyewe, gongo na mguu mgonjwa, kisha mguu mzima, Monica mbele amebeba mabegi. Ronald alikuwa nyuma yake, mikono miwili imetandazwa hewani karibu na kiuno chake. Hakugusa. Alishuka hivyo hivyo, kama anabeba ungo mtupu, mpaka ngazi ya mwisho.

Dereva wa teksi, Salehe, akafungua mlango akauliza, "Tunaelekea wapi, Soweto?"

"Kibosho," akasema Mektrida, kabla Monica hajafungua mdomo.