Akaunti Aliyonifungulia Kakule

…na sasa inaniuliza tena, kana kwamba sikusikia mara ya kwanza, una hakika unataka kuifuta akaunti hii moja kwa moja, picha zako, ujumbe wako, hutaweza kuvirudisha, ndiyo, nina hakika, nimeshakwambia ndiyo, lakini kidole kina mawese na kioo cha simu hakinisikii, nabonyeza, wapi, nakifuta kidole kwenye kitenge, kitenge nacho kina mawese, mtu akinipa mkono Jumanne ya soko hapa Bwera anarudi kwake na rangi yangu… Mama Hardy, ananiita Halimah kutoka meza ya pili, meza ya chumvi na sabuni, Mama Hardy, kastama iko hapa, wewe iko nauza ama iko naangalia simu tu?, nauza, Halimah, nauza, mwambie angoje, na huyo mteja hata simtazami, naona tu jerikeni lake la njano karibu na mguu wangu, angoje kidogo, hapa nafunga mlango wa mdogo wangu, na mama anasema ndio pekee anaoujua… asubuhi alinishika mkono nikitoka, usifunge ile compte, Consolée, mutoto atatupata wapi, adresi anayuwa ni ile tu, mama Laurentine ambaye hajawahi kushika simu maishani mwake, lakini kila jioni ananiuliza, Kakule ameandika?, kwa sauti ileile anayoulizia kama maji yamechemka, nami namjibu, bado, mama, tangu siku waasi walipoingia kijijini kwetu karibu na Beni, mimi na mama na Hardy mwanangu tukakimbilia huku mpakani, Kakule akakimbilia mashamba ya kakao, na hadi leo si mzima, si maiti… na ni yeye aliyenifungulia hii akaunti, tukiwa bado kwetu, alininyang'anya simu akicheka, yaya, ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, batu bote beko kwa mutandao, weye tu ndio hauko, akanipiga picha nimekumbatia jerikeni, akaniwekea neno la siri, yayamawese, eti nisisahau, na sikusahau, sasa hivi nimetoka kuliandika kwa kidole kinachoteleza kwa sababu mtandao haukubali nitoke bila hilo neno, hata kuondoka lazima nimwombe ruhusa yeye.

Mama hajui ninachofanya humo, mama anadhani nangoja barua, kumbe natazama maiti, kile kikundi cha watu wa Beni, kila wanapookota mtu porini wanaweka picha, anayemfahamu aseme, nami naikuza kwa vidole viwili, natafuta kovu la panga kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, naanza kabla ya chai, naendelea huku napima mafuta, ndiyo maana siku hizi wateja wananigombeza… na haya majina yetu nayo, kwetu mtoto wa kiume wa nne ni Kakule, kila nyumba yenye wavulana wanne ina Kakule wake, basi Kakule haishi kufa, Kakule ameonekana Oicha, Kakule anatafuta dada yake, na mwaka jana ikaandikwa, Kakule, ndugu wa Consolée wa Bwera, amezikwa, tukalia, tukaomba misa, Halimah na Uislamu wake akalala kwetu chini akipika chai ya matanga, mpaka ndugu zetu wa Butembo wakapiga simu, pardon, ni Kakule ingine, na Consolée ingine, na kweli yupo, anauza maharage upande wa pili wa soko hilihili, tulikuwa tumemlilia ndugu yake wakati mwenyewe anacheka na wateja, na ni mimi niliyetumwa kwenda kumwambia, Mungu wangu, alivyonitazama… na mama hakushukuru, alikaa tu kwenye mkeka, mumelilia mutoto wangu akiwa muzima, akasema, na tangu hapo hataki nitamke neno marehemu… lakini hayo ningeyavumilia, ni la jana lililonishinda, jana kijana wa shati la mistari, uso umefunikwa majani, nikaukuza mguu, hakuna kovu, si yeye, na badala ya kusema asante Bikira Maria, nilisikitika, ndiyo, nilisikitika kwamba si yeye, mimi yaya wake, niliyembeba mgongoni, nilitaka awe yeye ili nimalize kumtafuta, nikaiweka simu chini, nikajiogopa kuliko ninavyowaogopa wale wa porini, na leo hiyo simu haitanifanya hivyo tena, bonyeka, bonyeka basi…

Geuka, bwana, anasema Halimah, mutu anangoja, kwa nini kila siku unaangalia ukuta kama iko kwa adhabu?, kwa sababu ya jua, Halimah, ukigeukia barabara jua linaua kioo, huoni kitu kwenye simu, ndiyo maana nilikigeuza kigoda, namjibu hivyo bila kufikiri, kisha nalirudia neno, barabara, barabara ya kutoka darajani, kila anayevuka Lhubiriha, mto wa mpakani, kwa miguu, mwenye mzigo na asiye na mzigo, anapita hapa, mbele ya meza yangu, yaani nyuma yangu… na Kakule anaijua njia hii, kabla ya kukimbia nilikuwa navuka kila Jumanne kuja kuuza, yeye ndiye aliyenibebea majerikeni, akifika anaanza kuiba karanga za Halimah, angekuwa na simu angeshaandika zamani, simu hana, ana miguu, akija atakuja nayo, na soko lilipopangwa upya walitusogeza huku ukutani, atafika mahali petu pa zamani, atakuta meza za nyanya, atatazama huku na huku akitafuta uso wangu, na mimi nimempa mgongo, mgongo wa kitenge kama wa wanawake wote, huenda ameshapita, ee Yesu, huenda alipita nikiwa nakuza mguu wa mtu mwingine… nanyoosha kidole kidogo, hicho hakijagusa mafuta, nabonyeza nacho, kioo kinakuwa cheupe, picha yangu na jerikeni imeondoka, sihisi nilichodhani nitahisi, nahisi haraka, nainuka, nakishika kigoda kwa mikono miwili nakigeuza, Halimah anasema, heh, leo kumefanyika nini, na jua linanipiga machoni, machozi yananitoka, siyafuti… lile jerikeni la njano bado lipo palepale, na juu yake kuna mkono, na juu ya mkono kuna mtu, Mama, mafuta iko?, naanzia usoni, si kwenye kifundo, namtazama kabisa, si yeye, iko, namwambia, unataka ngapi?, na macho yangu yameshampita, yanamtazama anayefuata, na anayemfuata huyo, mpaka kule darajani.