Alama Nne za Rangi ya Kucha

Saa nne na dakika tano asubuhi, Jumamosi ya tarehe kumi na nne Machi, bunduki ilikuwa juu ya meza katika klabu ya walenga shabaha ya kijiji cha Niederwinkl. Ilikuwa imelazwa kwenye blanketi la kijivu, safi kama iliyotoka dukani.

Ottmar Haslinger aliitazama kabla hata ya kuvua koti. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na kwa miaka thelathini na minne kazi yake kiwandani ilikuwa kuvipima vipimo vyenyewe: mizani, geji, rula za chuma. Alikuwa mtu wa kuamini kitu akishakipima. Bunduki ile ya kaliba ndogo, ya risasi nyembamba zinazogongwa ukingoni mwa ganda, ilikuwa ya binti yake Reinhild. Reinhild alifariki tarehe kumi na saba Februari, akiwa na miaka ishirini na minne. Mafua yaliingia kwenye moyo. Tangu alipolazwa hadi alipokata roho zilipita siku kumi na moja.

Barua ya ofisi ya wilaya ilimpa baba hadi Jumatatu aseme bunduki itakwenda wapi. Angeweza kumuuzia mtu mwenye kibali. Angeweza kubaki nayo mtutu ukiwa umezibwa kwa kufuli ya chuma. Angeweza kuikabidhi ikasagwe.

"Umekuja mapema," alisema Korbinian Stadler, mwenyekiti wa klabu, akifuta mikono. Walikuwa wamesoma darasa moja. Korbinian ndiye aliyeichukua bunduki siku mbili baada ya mazishi, kwa kuwa sheria haikumruhusu Ottmar kukaa nayo nyumbani. "Kahawa?"

"Baada ya kazi."

"Kazi gani? Leo ni kuuza tu. Wiltrud anakuja saa tano."

"Kwanza nataka kuipima. Yake na ya klabu, kwenye jiliwa."

Korbinian alimwangalia. "Bado unabishana na mtoto, Ottmar?"

Ottmar aliisogelea meza. Ubishi ulikuwepo kweli, na ulikuwa wa miaka mitatu. Reinhild, ambaye kila mtu alimwita Reni, alianza kulenga shabaha akiwa na miaka kumi na mitatu kwa bunduki za klabu. Alipofika ishirini na mmoja akasema anataka yake. Baba alikaa naye jikoni akamweleza kwa utulivu: kwa mita hamsini, tofauti ya mtutu mmoja na mwingine ni ndogo kuliko mtetemo wa mkono wa binadamu. Ya klabu ipo, haina kodi, haihitaji kabati la chuma wala kibali. Bunduki ya namna hiyo haifai kumiliki. Reni alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainunua kwa mshahara wake mwenyewe.

"Sawa, Baba," alimwambia siku aliyoileta. "Basi njoo klabuni uipime. Wewe si mtu wa vipimo?"

"Nitakuja."

Hakuja. Ilikuwa mwendo wa dakika nane kwa miguu. Mwaka wa kwanza Reni alimkumbusha mara nyingi, wa pili mara chache. Mwaka wa tatu aliuliza mara moja tu, hospitalini, siku ya tisa, akiwa na mirija puani.

"Umeshaenda kuipima?"

"Ukitoka," alisema Ottmar. "Tutaenda wote."

Saa nne na nusu walibana bunduki ya klabu kwenye jiliwa, kibanio cha chuma kilichofungwa mezani. Jiliwa haipumui wala haina mapigo ya moyo. Kinachopiga ni mtutu na risasi peke yake. Korbinian alipiga risasi kumi. Wakaibana ya Reni, wakatumia risasi zake mwenyewe, za toleo lile alilokuwa amelijaribu na kulinunua makasha sita kwa sababu mtutu wake ulilipenda. Yalikuwa yamebaki makasha mawili. Akapiga kumi.

Ottmar alizichukua karatasi mbili za shabaha, akatoa kipimio chake cha vernia kwenye mfuko wa ngozi, akapima kutoka ukingo wa tundu la pembeni kabisa hadi ukingo wa tundu la pembeni upande wa pili. Alipima mara tatu kila karatasi.

"Ya klabu, milimita kumi na tano," alisema. "Yake, kumi na nne na nusu."

"Nusu milimita!" Korbinian alicheka kwa kukohoa. "Basi umeshinda. Haya, umeridhika?"

Ottmar alikaa kwenye kiti. Alikuwa sahihi, na hakuona la kufanya na usahihi huo. Akafungua begi la Reni, akatoa daftari lake la matokeo, lile dogo lenye jalada la plastiki. Mchezo wa kulala, yaani kupiga ukiwa kifudifudi, ulikuwa risasi sitini, pointi mia sita. Alisoma mashindano kumi na mawili ya mwisho kwa bunduki ya klabu, akajumlisha kichwani, akagawa. Mia tano sabini na moja. Akasoma kumi na mawili ya kwanza kwa bunduki yake. Mia tano themanini na nane.

Akarudia hesabu. Mia tano themanini na nane.

"Korbi. Alibadilisha mwalimu mwaka ule?"

"Mwalimu nani? Ni mimi yuleyule."

"Macho? Miwani mipya?"

"Hapana."

"Mitutu ni sawa. Mtu ni yuleyule. Pointi kumi na saba zimetoka wapi?"

Mlango ulifunguliwa kabla Korbinian hajajibu. Wiltrud Ebner, tarishi wa kijiji, aliingia na baridi yake, koti la manjano likiwa bado mwilini. Alikuwa amelala akilenga kwenye mkeka wa pembeni ya Reni kila Alhamisi kwa miaka saba.

"Habari za asubuhi, Bwana Haslinger." Alimpa mkono, akaushika kidogo zaidi ya kawaida. "Korbi, naona umekunywa kahawa yote. Hujabadilika."

"Imebaki nusu. Njoo uone mali yako."

Wiltrud aliinama juu ya blanketi. Aliishika bunduki kwa mikono miwili, akaigeuza, akaigeuza tena. Tabasamu likapotea usoni.

"Alama ziko wapi?"

"Alama gani?" aliuliza Ottmar.

"Za Reni. Zile nyekundu." Alionyesha kwa kidole, mahali baada ya mahali. "Hapa kwenye urefu wa kitako. Hapa kwenye kimo cha bamba la bega. Hapa kwenye kizuizi cha mkono. Na hapa, kwenye nguzo ya pedi ya shavu. Nukta za rangi ya kucha. Alihangaika miezi mitano kupata vipimo vinavyoufaa mwili wake, alipovipata akavitia rangi ili visipotee. Tulimcheka sana. Korbi, si ulimwambia anapaka bunduki kucha kwa kuwa zake hazimtoshi?"

Korbinian alikuwa amekuwa mwekundu kuanzia shingoni. "Nimezifuta," alisema. "Kwa asetoni. Bunduki ikienda kwa mnunuzi unaisafisha, unarudisha kila kitu sifuri. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Nilidhani... Ottmar, nilitaka ikae vizuri. Nilikaa nayo jioni nzima."

Wiltrud aliirudisha bunduki kwenye blanketi. Nje, mtu alikuwa akikokota pipa la taka.

Ottmar alikuwa akifikiria kichupa. Kilikuwa kwenye rafu ya bafuni, rangi nyekundu, robo yake imetumika, na Reni hakupaka kucha maisha yake yote. Mama yake alifariki Reni akiwa na miaka tisa, nyumbani walikuwa wawili tu, na baba alijua kila kitu kilichokuwa kwenye rafu ile. Wiki iliyopita alikishika, akajiuliza kama kulikuwa na mvulana fulani ambaye hakuambiwa habari zake. Akakirudisha mahali pake.

"Vipimo hivyo aliviandika?" aliuliza.

Wiltrud alichukua daftari, akapekua. Upepo, joto, matokeo, idadi ya risasi, mara moja picha ya nguruwe mwenye kofia ya Korbinian. "Hapana. Angeviandika kwa nini? Vilikuwa pale juu ya bunduki. Hakuvigusa tena."

"Unavikumbuka?"

"Bwana Haslinger, mimi nilikuwa natazama shabaha yangu." Alisema kwa upole. "Najua tu shavu alilipandisha juu sana. Uso wake ulikuwa mfupi. Alikuwa akilala pale juu kama yuko kwenye mto."

Ottmar aliomba taa ya meza na lenzi. Korbinian alivileta mbiombio, bila utani. Ottmar alivua koti sasa, akakunja mikono ya shati, akaanza kazi aliyoijua.

Kwenye kitako hapakuwa na kitu. Korbinian alikuwa mtu makini. Alisugua hadi mifereji ya reli. Kwenye bamba la bega hapakuwa na kitu. Kizuizi cha mkono kiling'aa. Saa tano na dakika arobaini alifungua skrubu ya nguzo ya shavu kwa bisibisi ndogo, akaitoa nguzo yote, akaigeuza chini ya taa. Ndani ya mfereji wa uzi wa skrubu, upande ambao kitambaa hakiingii, palikuwa na chembe nyekundu isiyozidi punje ya mtama.

Alipima kutoka chembe hadi chini ya nguzo. Akapima tena. Akapima mara ya tatu.

"Thelathini na moja nukta nne," alisema.

Akachukua kalamu, akafungua ukurasa uliofuata ule wa mwisho wenye maandishi katika daftari la Reni, akaandika tarehe, na chini yake: *Kimo cha shavu, mm 31.4*. Chini ya hapo aliandika mistari mitatu yenye majina ya vipimo vingine, na mbele ya kila mmoja akaacha wazi.

Wiltrud alikuwa bado amesimama na koti lake. "Mimi nitalazimika kulishusha," alisema. "Uso wangu mrefu. Nasema mapema tu, isije ikakuuma baadaye."

"Siiuzi."

"Bwana Haslinger, tulishakubaliana."

"Tulikubaliana. Naomba radhi."

"Ligi inaanza Aprili. Nimeuza ya kwangu." Sauti yake ilipanda, kisha ikavunjika. "Reni ulimwambia haifai. Mimi nilikuwepo alipotoka kwenu siku ile, alilia kwenye baiskeli mpaka hapa. Sasa hata mimi unaninyima. Kwa hiyo inafaa au haifai?"

Ottmar alimtazama usoni. "Inafaa," alisema. "Nilipima kitu ambacho sicho."

Wiltrud alijifuta pua kwa mkono wa koti la manjano. Kisha akaenda kwenye sufuria ya kahawa, akamimina iliyobaki, akakaa nayo karibu na dirisha, akawapa mgongo. Hakuondoka.

"Ukibaki nayo wataiziba mtutu," alisema Korbinian kwa sauti ya chini. "Itakuwa rungu tu. Labda..." Alikuna kidevu. "Labda niiandikishe kwa jina langu kwa sasa, ikae humu klabuni. Wewe ujiunge. Upige mwaka mzima, kila mwezi, kitabu chako cha mazoezi kijae mihuri. Hapo unaomba kibali chako. Lakini wewe hujawahi kupiga hata kwenye maonyesho, Ottmar. Goti lako je?"

"Leta fomu."

Alijaza fomu kwa herufi kubwa zilizonyooka. Palipoandikwa sababu ya kujiunga aliandika: *kulenga shabaha*. Kisha akairudisha nguzo mahali pake, akaiinua pedi hadi milimita thelathini na moja nukta nne, akaibana skrubu. Urefu wa kitako aliuacha sifuri, kwa kuwa hakujua zaidi.

Kulala kwenye mkeka kulimchukua muda. Korbinian alimfunga mkanda mkononi, akamwelekeza wapi pa kuweka kiwiko, akapiga magoti pembeni yake kama msimamizi. Ottmar aliweka shavu kwenye pedi. Lilifika pale lilipokuwa likifika la Reni. Jicho halikufika, lilikuwa juu ya tundu la kulengea kwa upana wa kidole kizima, na alichokiona kilikuwa duara la giza lenye mwezi mwembamba wa mwanga chini yake.

"Ishushe kidogo," alisema Korbinian. "Zungusha mara tatu tu. Hivyo huoni kitu."

"Iache."

"Ottmar, huwezi kupiga hivyo."

"Iache, Korbi."

Dirishani, Wiltrud aliweka kikombe chini. Alikuja akachuchumaa upande wa pili, akamsukuma kiwiko sentimita mbili ndani. "Yeye alikuwa anatoa pumzi nusu," alisema. "Halafu anangoja."

Ottmar alitoa pumzi nusu, akangoja. Alipiga risasi tano kutoka kwenye kasha la kwanza kati ya yale mawili. Kila baada ya risasi aliinua uso, akapangusa pedi kwa kiganja kwa kuwa ilikuwa imelowa, akaulaza tena palepale.

Karatasi ilirudi kwenye waya wake. Risasi tatu ziligusa karatasi, mbili hazikuonekana. Korbinian alihesabu pointi, Wiltrud akahakiki. Saa sita na dakika ishirini mchana Korbinian alifungua kitabu kipya cha mazoezi, akaandika Haslinger, Ottmar, bunduki ya kaliba ndogo, mita hamsini, kulala, risasi tano, pointi kumi na moja, akagonga muhuri wa klabu kwenye mstari wa kwanza.