Mharage wa Nanyori

Nanyori alikuwa mlangoni akichambua maharage, vijiwe akivitupa pembeni, punje moja mbichi ikiwa mdomoni. Aliinyonya kuidanganya njaa, maana kilo iliyoletwa kutoka Karatu ilikuwa ya binti yake Naisenya kwanza. Mbuzi akapiga chafya, Nanyori akashtuka, punje ikateremka nzima. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Ijumaa ikaota.

Alijua kwa sababu jani lilimtekenya kooni. Akaenda zahanati kwa miguu, na nesi Witness akammulika kwa tochi. Akasema ni mharage mwekundu na unaendelea vizuri.

"Mbona tumbo halikuisaga punje?" Nanyori aliuliza.

"Kazi inaanzia kwa meno, mama, na meno hayakuigusa. Tumboni kuna tindikali inayoyeyusha hata nyama, lakini tumbo lina ute wa kujikinga lisijile lenyewe. Sasa mmea umeshika mizizi, tumbo limeuona ni wake, limeupaka ute. Ukitaka uishe, ung'oe uutafune. Utakaa tumboni muda wa saa tatu au nne, kisha utaingia utumbo mwembamba. Huko ndiko mwili unakochukua chake."

"Sitaki uishe. Nataka uzae."

Witness akazima tochi. "Basi funga mdomo. Hapa ni hifadhini, kulima hakuruhusiwi."

Hofu ikamwingia Nanyori siku hiyo na haikutoka tena. Majirani walishang'olewa sukuma wiki nyuma ya boma, na waliorudia waliambiwa wahame. Akaacha kusalimia watu. Kila alipoona vumbi la gari alikunywa maji upesi ili majani yashuke. Wiki zikapita, maua yakatoka, na asubuhi moja ulimi wake ukahesabu maganda kumi na moja, membamba bado. Yangekomaa, Naisenya angeshiba siku mbili.

Askari wa hifadhi, Wilibrodi, alikuja Jumatano. Alizaliwa shambani kule Rhotia, na harufu ya mharage haikuweza kumpita. Alisimama nje kwa adabu, kofia mkononi.

"Mama Naisenya, nanusa shamba. Nitarudi saa tisa na kifaa cha kuangalia tumbo. Usinielewe vibaya, ni kazi tu."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Alipoondoka, Nanyori akaingiza vidole kooni, akashika shina, akavuta. Mizizi iliachia mmoja mmoja, akaisikia mpaka mgongoni. Maganda akampa Naisenya. Mtoto akayatafuna hivyo hivyo, mabichi, akauliza kama yapo mengine. Yaliyobaki yalikuwa majani, shina na mizizi, na mama akayatafuna mpaka yakawa uji, kwa kuwa aliogopa kubakiza hata uzi mmoja wa kuonekana.

Akalala chali, kiganja juu ya tumbo, akisikiliza. Saa sita tumbo lilikuwa linakoroga tu, bila haraka yoyote, na jasho likamtoka. Saa nane likaanza kusukuma kidogo kidogo, kama watu wanaotoa vyombo nyumbani kabla wenye amri hawajafika. Nanyori alilibembeleza kwa jina la kila mtu aliyempenda.

Wilibrodi alifika saa tisa kamili. Kifaa kilikuwa cha baridi. Alikitembeza polepole chini ya mbavu, akakitazama kioo muda mrefu. Tumbo la Nanyori likanguruma, na Nanyori akaogopa kwamba hilo nalo ni kosa.

"Hamna kitu," alisema askari, na ilionekana wazi kwamba amefurahi. Hakuwa mtu mbaya. Akajaza fomu juu ya goti, akamsomea taratibu kabla Nanyori hajaweka dole gumba: tumbo limekaguliwa, limekutwa tupu, linafuata sheria. Litakaguliwa kila Jumatano kuhakikisha linabaki hivyo.