Mishumaa ya Namba Tatu

Donagh Tuohy alikuwa na miaka thelathini na minne, goti bovu, na meno manne ya bandia. Kwa misimu kumi na minne alikuwa beki wa kati wa timu ya kaunti katika hurling, mchezo wa jadi wa Ireland, namba tatu mgongoni, fimbo mkononi, na mpira mdogo mgumu ukimjia usoni. Jumapili ile meneja alitaka jibu kabla ya saa sita mchana: anarudi msimu mpya au harudi?

Jibu alikuwa nalo tangu Krismasi. Kilichomtia hofu ni mama yake, Attracta. Marehemu baba alivaa namba hiyohiyo, na fimbo yake bado ilikuwa imetundikwa juu ya meko. Halafu kila Jumamosi kabla ya mechi, Attracta aliwasha mshumaa kanisani mbele ya sanamu ya mtakatifu, parokia nzima ikimsifu kwa kuwaombea vijana ushindi. Mtu kama huyo utamwambiaje kwamba umechoka? Jamani!

Alimkuta jikoni akipaka mkate siagi.

"Mama, naacha. Kaunti basi."

Kisu kilisimama. "Kweli? Hunitanii?"

"Kweli. Nisamehe. Najua baba..."

"Mungu wangu, asante!" Attracta akajibwaga kitini, anacheka, machozi yanamtoka. "Wewe, ile mishumaa ulidhani ya nini?"

"Ya ushindi."

"Ushindi wa nini! Nilikuwa naomba uachwe nje ya kikosi. Miaka kumi na minne, hukuachwa hata siku moja! Yule mtakatifu ni kiziwi!"

"Kumbe adui yangu alikuwa nyumbani!" Donagh alicheka mpaka akashika mbavu. Alijisikia mwepesi, kama aliyetuliwa gunia la viazi.

Alimpigia meneja palepale, mama amemsimamia asije akabembelezwa. Dakika mbili, yakaisha.

"Ile fainali mliyoshinda," Attracta akasema, "unayo kwenye simu?"

"Ninayo. Lakini hujawahi kutazama hata mechi moja." Mechi zote mama alikaa ndani ya gari nje ya uwanja, redio imezimwa.

"Ningetazamaje, sijui utatoka mzima au vipande?" Akavuta kiti. "Sasa umeshatoka. Iweke."

Haikupita dakika tano akawa amesimama, kisu cha siagi hewani. "Refa! Huoni wanavyomuumiza mwanangu?"

Kisha, kwenye simu, Donagh akaudaka mpira katikati ya fimbo tatu, akatoka nao. Attracta akaketi taratibu.

"Mwanangu," akasema, "kumbe ulikuwa hodari hivi?"