Sauti ya Mwanamke wa Kwenye Tangi

Mwanga wa televisheni yetu ulikuwa wa buluu, na ulitufanya sote tufanane. Uliingia kwenye vikombe, ukakaa juu ya upara wa baba, ukapanda ukutani mpaka kwenye kalenda. Na wewe, mdogo wangu, ulikaa sakafuni karibu na kioo mpaka mama anakukemea kwamba utapofuka. Taa kubwa ilizimwa. Hakuna aliyethubutu kukohoa. Ilikuwa saa ya mwanamke wa kwenye tangi.

Unakumbuka ilivyoanza tamthilia ile. Mji mdogo, ukungu, watu wanafungua mabomba asubuhi na maji hayatoki. Fundi anapanda ngazi ya tangi kubwa la mji, anafunua mfuniko, anatazama ndani, anavua kofia. Basi. Kuanzia hapo yule mwanamke ni marehemu, na sisi sote tukawa na kazi moja, kuulizana nani amemuua.

Ilikuwa raha, tuseme ukweli. Kulikuwa na mpelelezi aliyekula mayai ya kuchemsha tu, akiyamenya ndani ya mfuko wa koti. Kulikuwa na bibi wa posta aliyegombana na saa ya ukutani, na mapacha waliopeana zamu ya kuwa na akili. Kwa kinyozi wa mtaani kwetu watu walibishana mpaka mteja akaondoka amenyolewa upande mmoja. Mbwa wawili walipewa jina la mpelelezi.

Na mume wa marehemu, je? Yule mpiga picha wa mji, mnene kidogo, aliyelia mazishini kwa uchungu mpaka akakosa pa kukaa akaikalia keki, mji mzima ukacheka huku unalia. Hakuna aliyemshuku. "Huyo?" mama alisema. "Huyo hata nzi anamwomba radhi." Na wewe, ukiwa bado msichana wa kuota ndoto, ulisema nikimpata mwanamume wa kunichekesha namna hii, mimi nimemaliza, msinitafute tena.

Mimi nilikuwa sauti ya marehemu. Tamthilia ilisemwa kwa lugha ya mbali, na sisi, katika studio iliyokuwa zamani ghala la magodoro, tuliivisha Kiswahili. Marehemu hana maneno mengi. Kazi yangu ilikuwa kucheka kwenye kanda aliyoiacha, kuhema katika ndoto za mpelelezi, na mara moja kusema "njoo" nyuma ya mlango. Watu barabarani waliniomba nikicheke kile kicheko, nami nikawachekea. Nilikuwa maiti maarufu kuliko wengi walio hai.

Wewe ulikuja nami kufanya umati. Studio maskini haiajiri umati, inaita jamaa. Ulilia mazishini kwa sauti nne tofauti, ukamaliza biskuti zote, na fundi mitambo, tuliyemwita Masikio kwa kuwa alisikia hata kola ya shati ikisugua shingo, akasimamisha kazi na kusema kuna tumbo la mtu linanguruma humu. Lilikuwa lako. Tulicheka hata siku ile haikufaa tena kwa msiba.

Kisha tamthilia ikakatwa katikati, bila kusema nani aliyeua. Watu wakabaki na fumbo lao, wakalipenda zaidi kwa sababu halikufumbuliwa. Miaka ikapita. Ukapata wako wa kukuchekesha.

Sitamsingizia shemeji: anachekesha. Mpaka leo anachekesha. Akiingia kwa mama, mama anajishika mbavu kabla yeye hajafungua mdomo. "Umebahatika, mwanangu," mama anakwambia, na wewe unatabasamu, unakwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo si vichafu. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, lakini mlango wako una kengele ya muziki na zulia lililoandikwa karibu, na wageni wengi hawakuwa na haja ya kuuliza zaidi.

Ndipo ikaja filamu.

Iliturudisha nyuma, kwenye siku za mwisho za yule mwanamke, kabla ya tangi. Mji ni uleule lakini ukungu haupo. Mayai hayapo. Mpelelezi hayupo, maana hajafa mtu. Watu waliiendea mbio ikiwa bado katika lugha ya mbali, kabla hatujaivisha Kiswahili, wakatoka wamenuna. "Wameharibu," kinyozi alisema, akipangusa wembe. "Hakuna fumbo, hakuna pa kucheka. Mtu mzima nimekaa gizani kutazama mwanamke anaosha vikombe."

Ni kweli, anaosha vikombe. Nimeitazama kipande kwa kipande, mbele na nyuma, kama kazi yetu inavyotaka. Anaosha vikombe na anasikiliza ngazi. Kwa mlio wa viatu anajua jioni itakuwaje. Mume anaingia na utani uleule wa kwenye tamthilia, utani uliotuvunja mbavu, na yeye anacheka, na kamera haiondoki usoni pake mpaka kicheko kiishe. Ni kicheko kilekile cha kwenye kanda. Nilikicheka mimi miaka yote ile na sikujua alikitoa wapi.

Ni mume. Filamu inasema hivyo mapema, bila kificho, kama mtu anayekwambia mvua inanyesha. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tunamtafuta msituni, na tochi, na mpelelezi, na mayai.

Nimefikiri sana kwa nini watu waliipenda ile na kuichukia hii. Kwenye tamthilia yule mwanamke alikuwa picha ukutani yenye maua pembeni, na picha haimchoshi mtu. Kwenye filamu yuko hai. Ananuka kitunguu, hana usingizi, anamdanganya jirani, anamfokea mtoto wa watu bila sababu, anajuta. Kwenye tamthilia mji mzima ulimtafutia haki. Kwenye filamu mji ni uleule, bibi wa posta yupo, mapacha wapo, wanampita, wanamsalimu, wanamwambia ana bahati ya mume. Nilikuwa nawapenda watu wale, na niliwachukia mmoja mmoja.

Na hadithi inayorudi nyuma ina ubaya wake. Yule mwanamke anapanga begi, anaficha viatu chini ya ngazi, anatabasamu peke yake kwa mara ya kwanza, na wewe uliyeketi unajua tangi linamngoja. Hakuna unachoweza kumfanyia. Siku moja nilikigonga kioo cha studio kwa kiganja, kana kwamba atasikia, Masikio akauliza kuna nini. Nikasema mbu.

Nilikuwa nakuona wewe. Nilikuona katika namna anavyoshika kikombe kwa mikono miwili. Nilikuona alipomwambia jirani ameteleza bafuni, kwa sababu bafu lako, mdogo wangu, limekuangusha mara nyingi mno kwa mtu mwenye miguu mizima. Nikikupigia simu anapokea shemeji. "Amelala, dada mkubwa. Anakoroma kama trekta, hebu sikia." Ananikoromea sikioni, na mimi, Mungu anisamehe, nacheka.

Basi nikamwomba. Kama mtu anayeazima sufuria kwa jirani, nilimwomba shemeji aniazime mke wake kwa siku moja, filamu inataka umati.

"Mchukue," akasema. "Hizo kelele zake akazimalizie huko."

Akakuleta mwenyewe mpaka getini. Akamwacha mlinzi hoi kwa kicheko.

Ulikaa pembeni, kwenye kiti chako cha zamani, umevaa mikono mirefu na joto lile. Biskuti hukuzigusa. Sisi tulikuwa tumekwama kwenye mstari mmoja.

Kazi yetu ni kazi ya midomo. Ukiona midomo ya mtu imekutana, lazima umpe neno linaloifunga midomo, la sivyo mtazamaji atahisi anadanganywa hata kama hajui kwa nini. Na mayowe tunayaacha mpaka mwisho wa siku, maana yowe moja linaweza kula koo lote. Koo langu nilikuwa nimeliwekea asali. Lakini pale yule mwanamke hapigi yowe. Amebanwa kwenye ukuta wa jikoni, mkono wa mume uko juu, naye anasema kitu kifupi, kwa sauti ya chini. Midomo inakutana, inaachana, inabaki wazi kidogo, halafu inakutana mara mbili upesi.

Mfasiri wetu alikuwa ameandika, "Tafadhali niache, usinipige tena." Haikukaa. Akafuta, akaleta, "Nakusihi, niache." Haikukaa. Kila jaribio Masikio alirudisha picha nyuma, na mkono ukapanda. Akarudisha, mkono ukapanda. Tulishinda na mkono ule unapanda na haushuki, na mfasiri, binti mpole anayeitafuna kalamu yake, akasema huenda tumwache mwanamke ageuze uso, tusisikie.

"Basi," ulisema kutoka kwenye kiti. "Si usoni. Mama anakuja."

Ulisema wakati uleule picha inapita, wala hukuinua sauti. Midomo yake ilikutana kwenye neno lako la kwanza, ikaachana, ikabaki wazi, ikakutana mara mbili kwenye mama. Hakuna pumzi iliyozidi wala iliyopungua. Yule mwanamke alisema Kiswahili kama amezaliwa nacho.

"Imekaa," alisema Masikio, kwa mazoea.

"Lakini sivyo alivyosema," mfasiri akasema. "Kwa lugha yao amesema tu..."

"Ndivyo inavyosemwa," ulimjibu.

Mfasiri akaiweka kalamu chini. Masikio akazima mtambo, na taa nyekundu juu ya mlango ikazimika. Nilisikia feni, na nilisikia unavyovuta mkono wa gauni ufunike kiganja. Mama alikuwa kwako Jumapili iliyopita. Alirudi akisema umependeza, umenawiri, ndoa imekukubali.

Kila kilichokuwa ndani yangu kilitaka kuuliza. Tangu lini, kwa sababu gani, nani mwingine anajua. Maswali ya mpelelezi, maswali ya kuulizia maiti. Niliyameza, nikapiga magoti mbele ya kiti chako.

"Usirudi kwake," nikasema.

"Watoto wako shule."

"Tutawafuata."

"Atakuwa getini."

"Najua."

"Dada," ulisema, na hapo ndipo uso wako ulipobomoka, "atakuchekesha."

Uliogopa hilo kuliko mkono wake. Nilielewa, nikaona haya, nikakushika.

Masikio alivua hedifoni, akazitundika, akasema na yeye anatoka, amechoka kukaa. Mfasiri akasema ataita polisi, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutafuna kitu, alishika simu tu, akaanza kubonyeza namba. Tukapita kwenye ule ukumbi mrefu ambao bado unanuka magodoro, tukausukuma mlango.

Nje mchana ulikuwa mkali. Shemeji alikuwa ameegemea gari.

"Huu ndio umati?" akasema. "Mbona mmetoka wachache hivi, wengine mmewala?"

Mlinzi akacheka. Shemeji akakufungulia mlango wa gari, akainama kama mhudumu wa hoteli, mkono mmoja mgongoni na mwingine unakukaribisha. Ilichekesha. Nasema hivyo asije mtu akadhani ilikuwa rahisi. Nilihisi kicheko kinanipanda kooni, kile changu cha kazi, na nilikibana kwa meno.

Wewe ukapita. Ulipita mbele ya ule mlango uliofunguliwa, umeushika mkono wangu, ukashika barabara ya shule. Alicheka tena kidogo, akingoja mzaha uishe. Jua lilikuwa la utosini na halikumsitiri mtu. Lilionyesha poda ilipoishia shingoni mwako, na rangi iliyokuwa chini yake. Nilimtazama na yeye. Kicheko kilimwishia taratibu, mdomo kwanza, macho baadaye, na uso uliobaki sikuwahi kuonyeshwa, wala mama hakuwahi, wala mlinzi, ambaye alikuwa ameacha kucheka. Wewe uso huo umekula nao, umelala nao, umeuzalia watoto. Alifunga mlango wa gari polepole.

Sasa tunatembea. Barabara imekuwa nyeupe kwa jua. Masikio yuko nyuma yetu, hatua chache, na nyuma ya Masikio injini imewaka. Gari linakuja kwa mwendo wetu. Sijui polisi watakuja upesi kiasi gani, wala watamwamini nani wakimkuta anatabasamu. Mwisho ninaoujua ni wa yule wa kwenye filamu, ambaye tangi lake lilikuwa limeshajazwa kabla hajaosha kikombe cha kwanza. Wako siujui, na kutojua huko ndiko ninakokushikilia kwa mkono huu.

Umegeuka mara moja. Jua limelipiga dirisha la mbele la gari, likaling'arisha lote, hata yeye haonekani, ni kioo cheupe tu kinachosogea, na wewe umekitazama kwa muda bila kupepesa. Halafu umeniuliza, kwa sauti yako ya kila siku, kama kwangu watoto watakuta chakula.

Nimekwambia watakuta.